Omba Nauli, Usiombe Huruma

Alkhamisi usiku, nimeshaswali isha na watoto wamelala, simu ikatoa mlio. Ujumbe wa binti mmoja wa Wete, hapa hapa Pemba, ambaye hatujawahi kuonana: "Assalaam alaykum dada. Na sisi tumesajili jumuiya ya msaada wa kisheria. Tuko wanane, wakili hatuna, pesa hatuna. Nyinyi wa Chake mmewezaje?"

Nikaitikia salamu, nikamwomba anipe siku mbili. Jibu lake halienei kwenye ujumbe wa simu, na najua hayuko peke yake. Ukiwa umefika hapa kusoma, basi na wewe una jumuiya yako, au unayo kichwani, na usiku unalala ukihesabu kodi ya ofisi.

Alichosikia ni habari ya mwezi uliopita. Wakili wetu wa tatu alishuka Mkoani na boti ya Unguja, akapanda gari ya 603 ya kuja Chake kama abiria yeyote, na Jumamosi akakaa katika chumba cha skuli tangu saa mbili asubuhi hadi magharibi inaingia. Watu 41 walimwona. Matunzo ya watoto, mirathi iliyokaliwa na kaka mkubwa, mpaka wa shamba uliohama usiku. Hakumtoza mtu shilingi, na sisi hatukumpa zaidi ya nauli, chakula na pa kulala. Nilipofunga mlango jioni ile nilikaa juu ya dawati nikalia. Kazi hii naifanya tangu 2018, na siku ile ndiyo niliyoiona kwa macho yangu kwamba imeshika mizizi.

Lakini nilianza vibaya, na nataka mdogo wangu wa Wete ajue vibaya kiasi gani.

Mwaka 2018 nilikuwa nimemaliza mafunzo ya wasaidizi wa sheria. Ndio mwaka ilipokuja Sheria ya Msaada wa Kisheria ya Zanzibar, Namba 13, na sisi tuliokuwa tukiandikia watu barua chini ya miembe tukajiona tumetambuliwa. Tukapata mfadhili wa miaka mitatu. Kila kikao kilikuwa na posho, kila mafunzo yalikuwa na bahasha. Tulikuwa na watu 22 wa kujitolea, na mimi ndiye niliyekuwa nikiandika orodha na kujisifu kwayo kwenye ripoti. Mradi ukaisha mwezi wa sita. Mwezi wa saba niliitisha kikao nikawapikia chai na mandazi kwa pesa yangu, wakaja watano.

Watano wale ndio jumuiya. Wale kumi na saba wengine siwalaumu tena, ingawa kwa muda mrefu niliwalaumu, na kuna mmoja tuliyesoma naye dawati moja ambaye hadi leo tukipishana sokoni moyo unaniuma. Mimi ndiye niliyewafundisha kwamba kazi hii ina bei, na bei ilipoondoka wakaondoka nayo. Ndugu yangu, mtu uliyemvuta kwa bahasha ataifuata bahasha.

Sasa nije kwenye jambo ambalo sijawahi kuliandika.

Baada ya mfadhili kuondoka tulikuwa tukitafuta mwingine. Fomu ya maombi ilitaka picha na simulizi ya mnufaika. Tulikuwa na mama mmoja wa vijiji vya kaskazini, ameachwa na watoto watatu, anadai matunzo. Kesi yake ilikuwa imeahirishwa mara nyingi, na kila ikiahirishwa yeye alikuwa ameshatoka nyumbani alfajiri na mtoto mgongoni, ameshalipa gari ya kuja na hana ya kurudia. Nilimwona kwamba ndiye hasa. Nikamwomba picha. Akasita. Nikamwambia, "Mama, ni ya kule nje tu, hapa hapana atakayeiona." Akaweka dole gumba kwenye karatasi. Nikampiga picha amekaa kwenye kibaraza cha ofisi, uso wazi, mtoto amelala mapajani, kandambili moja imekatika na imefungwa kwa uzi mweusi.

Picha ilikuwa nzuri mno. Nikaiweka kwenye kundi la simu la jumuiya ili wenzangu waione. Mmoja akaituma kwa nduguye akiomba mchango, nduguye akaituma mbele. Baada ya siku nne ilikuwa imefika barazani kwa kina yule mume, na chini yake mtu ameandika maneno ambayo siyarudii hapa.

Alikuja ofisini siku ya tano. Hakukaa. Alinambia, "Mwanangu, mimi nilikuja kutafuta haki, sikuja kuvuliwa buibui." Akachukua bahasha yake yenye cheti cha ndoa na karatasi ya talaka, akaondoka. Kesi hakuiendeleza. Nilikutana naye miaka miwili baadaye sokoni Konde, nikamtolea salamu, akaitikia salamu kama inavyompasa Muislamu, na hakuongeza neno.

Na ule mradi hatukuupata. Lakini hata tungeupata.

Watakaokufundisha kuchangisha fedha watakwambia watu hutoa wakiona uso. Ni kweli, hutoa. Ila sisi huku tunaishi kwa sitara. Pemba ni kisiwa ambacho ukimwambia mtu jina la kijiji na idadi ya watoto, ameshamjua mama ni nani. Mtu anayekuja kwako na siri ya nyumba yake amekukabidhi amana, na amana haiwekwi mnadani hata kwa kazi ya kheri. Nawasema na wale wanaosimamisha wajane jukwaani mbele ya kamera kuwakabidhi mchele. Muogopeni Mungu.

Tangu siku ile nikaapa kwamba sitaonesha mtu, nitaonesha njia. Yaani nauli, karatasi, nakala za hati, chakula cha mchana cha anayesubiri mahakamani hadi saa nane. Hivi ndivyo vinavyowashinda watu wetu. Mtu ana haki yake imeandikwa, iwe Mahakama ya Kadhi au Mahakama ya Watoto, lakini kati yake na haki hiyo kuna gari ya asubuhi. Nikatengeneza daftari lisilo na majina. Kesi ya kwanza, safari sita, nakala kumi na mbili. Kesi ya pili, safari tisa. Ukinipa pesa nakuonesha mstari wako: pesa yako ilimfikisha mtu mahakamani mara mbili na kumrudisha. Wafanyabiashara wa Chake wanaelewa daftari kuliko wanavyoelewa hotuba. Mwenye duka la vitambaa aliyenikatalia mara tatu nilipomwendea na maneno ya haki za binadamu, nilipomwekea daftari mbele alivaa miwani, akalisoma kurasa zote, akauliza, "Safari hii ya tisa kwa nini haina wa kuilipia?" Akailipa. Mwezi uliofuata akaniita mwenyewe.

Siku moja niliwachangisha watu Ramadhani bila kuuliza, nikachanganya sadaka na zaka katika kopo moja. Shekhe wa msikiti wetu akaniita pembeni, kwa upole, akanikumbusha kwamba zaka ina watu wake wanane waliotajwa katika Sura ya Tawba, na kodi ya ofisi yangu haimo. Tangu hapo nina madaftari mawili. Cha zaka kinaingia mkononi mwa maskini mwenyewe, cha sadaka ndicho kinachonunua wino. Waliponiona nimetenganisha, waliokuwa wakitoa kidogo wakazidisha. Kama uko katika jamii yetu na unachangisha bila kumuuliza mwenye elimu, unajiharibia.

Kuhusu watu wa kujitolea, nililojifunza nililijifunza kwenye makonyo, vile vijiti vya vishada vya karafuu. Mwaka mmoja niliitisha mafunzo kwa shehia tatu katikati ya msimu wa karafuu. Niliandika barua kwa masheha, nikakodi viti thelathini. Wakaja wanne. Nikarudi nyumbani nimekasirika, nasema watu wetu hawana mwamko. Usiku ule jirani akaniita nikamsaidie kuchambua. Tulikuwa wanawake kama kumi na mbili, taa moja, chungu ya karafuu mbichi katikati ya jamvi, kila mtu anashika kishada, anakisugua kwa kiganja, karafuu huku, makonyo kule. Mikono inakuwa myeusi na harufu haitoki hata ukioga mara mbili. Na mazungumzo! Mmoja anasema mikarafuu aliyoipanda baba yake sasa inachumwa na ami yake. Mwingine mume amemwacha na hajui hata kama talaka imeandikwa. Mimi nilikuwa na viti thelathini vitupu, na mafunzo yenyewe yalikuwa hapa.

Sikutoa somo. Nilichambua. Waliponiuliza nikajibu. Nikarudi usiku wa pili, wa tatu, hadi msimu ukaisha. Katika wanawake wale, watatu ndio leo wasaidizi wangu wa sheria wanaotegemewa kuliko wote. Mmoja hakumaliza darasa la kumi, lakini anakumbuka tarehe za kesi za watu kichwani. Na siku ya mwisho wakaamua wenyewe kila mmoja atoe pishi moja ya karafuu mbichi kwa ajili ya nauli za watu. Tukazianika kwenye majamvi siku nne, mawingu yakija tunazikimbilia, tukazipeleka kituo cha ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, zikapimwa. Pesa ile ilibeba kesi mbili hadi hukumu. Sasa kila msimu wanafanya, na mimi sijawahi kuwaomba.

Kwa hiyo usiitishe watu, wafuate. Nenda wanapokaa, saa wanayokaa, na uwe na kazi mikononi.

Mawakili nao ni hivyo hivyo, ingawa hawachambui karafuu. Wengi wako Unguja, na Pemba wanaijua kwa safari za kesi. Niliandika barua thelathini na kitu, nzuri, zenye muhuri, "tunaomba ushirikiano wako". Hakujibu hata mmoja. Mmoja nilipomkuta kwenye mkutano mjini nikamkumbusha, akasema mbele za watu kwamba watu wa Pemba tunapenda vya bure. Nilinyamaza. Nilirudi na boti ya usiku nimekaa juu kwenye upepo, na neno lile nalisikia hadi leo nikiwa napika.

Kilichofanya kazi ni swali moja. Tulikuwa na hukumu iliyotolewa na sikuwa na uhakika siku za kukata rufaa zimebaki ngapi. Nikafuta majina, nikapiga picha ukurasa mmoja, nikamtumia wakili kijana niliyemjua kwa mbali: "Samahani kaka, hapa tunahesabu kuanzia siku gani?" Akajibu kabla ya magharibi. Wiki mbili baadaye nikamuuliza jingine. La nne, yeye ndiye aliyeuliza: "Hivi huyo mama kesi yake ikoje?" Ndiye wakili wetu wa kwanza. Yeye ndiye aliyemleta wa pili, na wa pili akamleta huyu wa mwezi uliopita.

Mtu mwenye kazi nyingi ukimwambia "jiunge nasi" anaona bahari haina ufuo. Mpe ukurasa mmoja. Mpe Jumamosi moja, mafaili matatu, saa ya kuanza na saa ya kumaliza, na saa ya kumaliza ikifika mwache aende hata kama foleni ipo. Nauli yake uwe nayo mkononi kabla hajaiuliza. Kesi ikiisha mpigie umwambie imeishaje, kwa sababu wengi hutoa ushauri na hawaambiwi tena. Wanafunzi wa sheria wa Chuo Kikuu cha Zanzibar, pale Tunguu, wakirudi Pemba likizo nawapa kazi ya kusikiliza na kuandika maelezo tu, na wakili anayapitia. Wanarudi likizo ya pili bila kuitwa.

Na msisubiri wafadhili, nawasihi. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, simu yangu haikupumzika, wenzetu wa jumuiya kubwa kuliko sisi wanauliza tufanye nini. Mfadhili akija mpokeeni, andikeni maandiko mazuri, tunzeni risiti. Lakini siku atakapoondoka, mama wa Konde bado ana kesi Jumanne. Nani atamlipia gari? Hili swali muwe na jibu lake leo, kabla ya ofisi, kabla ya fulana zenye nembo, kabla ya kompyuta.

Mdogo wangu wa Wete, umeniambia mko wanane. Mimi nilibakiwa na watano. Jumamosi ijayo tunakaa tena skuli, wakili wa pili anakuja. Panda gari ya asubuhi uje na wenzako wawili, na kalamu zenu. Kuna bibi wa shamba la urithi ambaye maelezo yake yanataka mtu wa kukaa naye saa nzima ayaandike taratibu, maana anasikia kwa sikio moja, la kulia. Kaa upande huo.