Kabla hujachukua kijenzi, uliza kilijengwa kikidhani nini

Ukianza kusanifu mifumo ya programu utaambiwa mapema kwamba usiandike upya kilichokwisha kuandikwa. Ni kweli, nami nawaambia hivyo hivyo wanaojiunga nasi. Lakini moduli, yaani kijenzi cha programu, iliyofanya kazi vizuri kwingine imebeba dhana za huko, na mara nyingi dhana hizo hazijaandikwa popote.

Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5 iliruka kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, na haikumaliza hata dakika moja angani. Programu yake ya kupima mwelekeo ilitoka Ariane 4, roketi iliyoitangulia, ambako haikuwa na tatizo. Ndani yake, thamani inayohusiana na kasi ya mlalo iligeuzwa kuwa namba kamili ya biti 16, ambayo mwisho wake ni 32,767. Kwa mwendo wa Ariane 4 kikomo hicho kilitosha. Ariane 5 ilishika kasi ya mlalo kubwa zaidi, namba ikafurika, kompyuta ya mwelekeo ikazimika. Ile ya akiba, yenye programu ileile, ilikuwa imeshatangulia kuzimika. Kinachoniuma zaidi ni kwamba katika Ariane 5 hesabu ile haikuwa na kazi yoyote baada ya roketi kuruka.

Kwa hiyo kila kijenzi unachokabidhi, kiandikie kinapokea nini, kwa mipaka ipi, kinategemea nini, na kikishindwa kinafanyaje. Mistari mitano inatosha. Na unachokipokea, kijaribu upya kwa data yako. Majaribio ya zamani yalipimwa kwa dhana za zamani.

Kuhusu mahali pa kukata mfumo kuwa moduli, bado namfuata mwanasayansi wa kompyuta David Parnas, aliyeandika mwaka 1972 kwamba kila moduli ifiche uamuzi unaoweza kubadilika. Wengi wetu hukata kwa kufuata hatua za kazi: soma, chakata, hifadhi. Muundo wa data ukibadilika, moduli zote tatu zinafunguliwa.

Jingine, usiharakishe kufanya kijenzi kimoja kifae kila mahali. Niliwahi kutengeneza kijenzi cha kutuma arifa kwa ajili ya sehemu moja tu, nikakijazia mipangilio ya kila hali niliyoweza kuiwaza. Sehemu ya pili ilipokihitaji, ilihitaji jambo ambalo sikuliwaza kabisa. Nilikifuta, nikaandika viwili vifupi, kila kimoja mahali pake. Kilichofanana kati yao nilikitoa baadaye, mhitaji wa tatu alipokuja, na kilikuwa kidogo sana: foleni ya kutuma na utaratibu wa kujaribu tena.