Gemu za simu au za kompyuta?

Mdogo wangu, umeuliza kama uache kutengeneza gemu za simu uhamie za kompyuta, kwa kuwa unasikia soko la gemu linakua. Usiangalie jumla ya soko, maana kila upande una mwendo wake.

Simu huingiza karibu nusu ya mapato yote ya gemu duniani, lakini mgeni hupata shida sana huko. Aprili 2021 Apple ilianza kuzilazimisha programu ziombe ruhusa kabla ya kumfuatilia mtumiaji kwenye programu nyingine. Wengi walikataa, na kumtafuta kwa matangazo mchezaji anayelipa kukawa ghali. Studio ndogo ziliumia kweli. Gemu za kucheza kupitia intaneti bila kupakua nazo zilisifiwa mno, ila Google ilifunga Stadia, huduma yake ya gemu za aina hiyo, Januari 2023.

Kwako, uliye peke yako bila bajeti ya matangazo, naona kompyuta ni afadhali. Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, hutoza dola 100 kwa kila gemu unayoweka, na unaweza kufungua ukurasa mapema, watu wakaanza kuisubiri. Ila kama unawalenga wachezaji wa hapa Tanzania, baki kwenye simu, kwa sababu wengi wao hawana kompyuta ya gemu.