Tezi ya thairoidi: kufuatilia si kumtelekeza mgonjwa
Pole kwa mama yako, dada; unaona kama daktari amemtelekeza kwa kutompasua saratani ya thairoidi, tezi iliyo mbele ya shingo. Daktari kusema saratani ya papilari (aina ya kawaida zaidi ya saratani ya tezi hiyo) ya milimita 7 ifuatiliwe kwa altrasaundi badala ya kukimbilia kisu si kumtelekeza. Hospitali ya Kuma, huko Kobe, Japani, inafanya hivyo tangu 1993. Kati ya wagonjwa wao 1,235, katika miaka 10 ni kama asilimia 8 tu ambao uvimbe uliongezeka milimita 3 au zaidi, na kwa wazee hukua taratibu zaidi. Kisu nacho kina yake: sauti kukwaruza, kalsiamu kushuka, pengine vidonge vya homoni ya thairoidi maisha yote. Ila muulizeni daktari: uvimbe umekaribia njia ya hewa au neva ya sauti? Tezi za limfu za shingoni ziko salama? Kipimo hurudiwa baada ya miezi 6, kisha kila mwaka; mama asiruke.