Kamera ya nyumbani kwenye simu: nimejibu maswali yenu, na paswedi tena

Maswali ya kamera yamejaa wiki hii. Mengine nilishayajibu mara nyingi tu, lakini nayarudia kwa sababu watu bado wanaumia.

"Nikiwa home kwenye waifai kamera inaonekana fresh, nikitoka tu haionekani. Fundi kafungua poti kwenye ruta lakini wapi." Msomaji, Kigamboni

Ingia kwenye ruta uangalie anwani ya IP iliyoandikwa upande wa WAN, yaani ule unaotoka kwenda kwenye intaneti. Ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, hiyo siyo yako ya kutoka nje. Kampuni ya intaneti imewaweka wateja kibao nyuma ya anwani moja mnayochangia, kwa hiyo fundi hata afungue poti (mlango wa kuingilia kwenye ruta kutoka nje) kuanzia asubuhi mpaka jioni, mtu aliye nje hafiki kwako. Intaneti ya laini ya simu kwa kawaida iko hivyo, na Starlink ya majumbani pia. Dawa yake ni ile QR iliyobandikwa kwenye kamera au DVR (kile kiboksi kinachorekodi picha za kamera): ukiiskani kwenye apu, kamera yenyewe ndiyo inatoka nje kwenda kwenye seva za kiwanda, na simu yako inakutana nayo huko huko. Poti haihitajiki kabisa.

Na hata ungekuwa na anwani yako mwenyewe bado ningekwambia funga hiyo poti leo. Ukiifungua hujaifungulia simu yako tu, umeifungulia dunia nzima, na kuna programu zinazopita usiku na mchana zikigonga kila anwani. Mwaka 2016 kirusi kinachoitwa Mirai kilizunguka hivyo hivyo na orodha ya majina na paswedi za kiwandani kama jozi 60, zikiwemo admin kwa admin na root kwa 888888, kikanasa kamera na DVR kwa malaki, halafu tarehe 21 Oktoba vifaa hivyo vikatumika kuishambulia Dyn, kampuni iliyokuwa inaelekeza majina ya tovuti kwenye anwani zake, mpaka Twitter na Netflix zikawa hazifunguki kwa watu wengi Marekani. Wenye kamera zao hawakuwa na habari, picha ya geti ilikuwa inaonekana kama kawaida. Anayetaka kuingia kwake moja kwa moja bila kupitia seva za kiwanda aweke WireGuard, programu ya VPN inayotengeneza njia ya siri kati ya simu na nyumbani, au Tailscale ambayo inapita hata kwenye hizo anwani za kuchangia, ila itabidi nyumbani kuwe na kompyuta ndogo au ruta inayoikubali, iwe inawaka muda wote.

"Je, admin na 12345 si inatosha kama siko maarufu?" Msomaji, Morogoro

Haitoshi. Hiyo programu inayogonga haijui jina lako wala haina haja nalo. Badilisha leo.

"Kamera nne zitamaliza bando?" Msomaji, Mwanza

Inategemea picha inakaa wapi, na hili watu wanalichanganya kila siku. Kamera zikirekodi kwenye DVR iliyoko ndani, intaneti haiguswi mpaka ufungue apu. Ukiangalia kwa picha ile ndogo ya 512 kbps, saa nzima ni kama MB 230, siyo kitu. Ukiziweka zipakie nje muda wote ndipo utalia, maana kamera moja ya 2 Mbps inakula GB 21.6 kwa siku, zidisha kwa nne. Na hapo kinachohesabika ni spidi ya kupandisha, siyo ile ya kushusha waliyokuandikia kwenye tangazo. Ipime kwanza kabla hujanunua kifurushi. Hesabu hiyo hiyo ndiyo ya diski: kamera nne za 2 Mbps zinajaza terabaiti 1 kwa siku 11 hivi, halafu inaanza kufuta za zamani. Kama wizi huwa unaugundua baada ya wiki tatu, nunua diski kubwa zaidi.

"Kamera haioni waifai yangu kabisa." Msomaji, Dodoma

Ruta inarusha 5 GHz, kamera yako ni ya 2.4 GHz tu. Washa 2.4.

"Niko Muscat, najenga Bagamoyo, saiti haina umeme wala intaneti. Niweke nini?" Dada yetu, Oman

Dada, kuna kamera za sola zenye tundu la laini ya 4G. Kabla hujanunua, mwambie mtu asimame pale pale pa kufungia kamera na simu yenye laini ya mtandao huo apige video kol, ikikatakata usinunue laini hiyo. Iweke irekodi kukiwa na mtu anayepita, siyo muda wote, la sivyo betri na bando vyote vinaisha kabla ya alfajiri. Ifungwe juu sana. Kadi ya kumbukumbu iko ndani ya kamera, mwizi akiing'oa anaondoka na ushahidi wake, kwa hiyo picha za tukio ziwe zinatumwa nje hapo hapo. Na nikuombe, usimwondoe mlinzi. Wewe utaona nondo zinapakiwa kwenye guta, lakini kutoka Muscat utamzuia nani?

"Fundi aliyefunga kamera hapokei simu na apu inadai namba yake." Msomaji, Tabata

Hili linaniuma kuliko yote. Mwezi uliopita mama mmoja jirani aliniletea simu yake nimsaidie, kamera zinakatakata. Nikafungua mipangilio, sehemu ya waliogawiwa kamera, nikakuta akaunti tatu asizozijua, na yeye mwenyewe kaorodheshwa kama mgeni tu. Mwenye mali kwenye ile apu alikuwa fundi. Miaka miwili kamera moja inatazama mlango wa chumba cha mabinti zake! Mama alikaa kimya kwa muda, akaniuliza, "Kwa hiyo alikuwa anatuona?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Kwa hiyo akaunti ifunguliwe kwenye simu YAKO, kwa namba yako, fundi akiwa amesimama hapo, na paswedi uandike wewe yeye akiwa ameangalia pembeni. Wewe ambaye imeshatokea, kubonyeza kitufe cha kurisiti, kile cha kurudisha kifaa kama kilivyotoka kiwandani, peke yake mara nyingi haitoshi, kifaa kinabaki kimefungwa kwenye akaunti ya kwanza mpaka mwenyewe akiachie au uwaandikie kiwanda na picha ya stika yenye namba ya kifaa pamoja na risiti uliyonunulia. Mpaka hili litakapokwisha, chomoa waya wa intaneti kwenye DVR. Itaendelea kurekodi ndani na hakuna atakayeingia kutoka nje.

"Nataka kuficha kamera chumba cha dada wa kazi." Msomaji, Nairobi

Hapana. Sebuleni na jikoni weka na umwambie ipo. Chumbani anakolala na kubadilishia nguo ni kumdhalilisha binti wa watu, na picha hizo zikivuja ni wewe uliyezipiga. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019 na Tanzania ina yake ya 2022, lakini hata zisingekuwepo jibu langu ni hilo hilo.

"Umeme ukikatika kamera zinazima, na wezi wanajua." Msomaji, Mbagala

Watu wanawekea DVR betri na kuisahau ruta. Vyote viwili, pamoja na kile kiboksi cha faiba kilichofichwa nyuma ya tivii, ambacho kikizima ruta inabaki inawaka bure. Ruta nyingi ni za volti 12, UPS ndogo ya ruta inatosha kwa masaa kadhaa. Soma volti kwenye adapta kabla hujachomeka.

"Waya wa mtandao wa bei rahisi una shida gani? Kamera za PoE zinazima usiku tu." Msomaji, Arusha

Kamera za PoE zinapata umeme kupitia waya huo huo wa mtandao. Usiku taa za infraredi, zile za kuonea gizani, zinawaka na kamera inavuta umeme zaidi, waya mbovu haubebi. Menya ncha moja, kwangua kwa kisu. Ndani ukiona weupe hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, ing'oe uvute ya shaba tupu, na kipande kisizidi mita 100.