Jibu: Chifu Adam Sapi aliwezaje kubaki juu baada ya uchifu kufutwa?

Mkuu, umeuliza aliwezaje kubaki juu wakati machifu wenzake walipotea. Kwa mtazamo wangu, alihama kabla nyumba haijabomolewa. Uchifu ulifutwa kisheria 1963, lakini yeye 1962 alikuwa tayari ameshika kiti cha Spika wa Bunge la Tanganyika, akimpokea Karimjee. Akakaa hadi 1973, akapisha kidogo Erasto Mang'enya, akarudi 1975 hadi 1994 alipoingia Msekwa. Hebu piga hesabu mwenyewe!

Jina nalo lilimbeba. Ni mjukuu wa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, na fuvu la babu yake, walilolichukua Wajerumani hao, lilitajwa hadi kwenye mkataba wa Versailles wa 1919, ibara ya 246. Gavana Twining alilirudisha Kalenga 1954, Adam Sapi akiwa ndiye chifu wa Wahehe. Hapo nani angemwita kibaraka wa wakoloni?

Halafu Spika hagombei madaraka na mtu, anaamua tu nani aseme, kazi ambayo chifu yeyote anaijua tangu barazani. Mtazame Fundikira wa Unyanyembe, kule Tabora: naye chifu, akapewa uwaziri wa sheria, ila 1963 akajiuzulu.