Kufuli la kivinjari halitoshi

Ndugu yangu wa Shela, umeuliza kama inatosha kutazama alama ya kufuli kwenye kivinjari ili kujua kama vyeti vyenu vya usalama (hati za kidijitali zinazothibitisha utambulisho wa seva, ambazo huisha muda) viko hai, kabla ya kuhamishia mfumo wenu wa kupokea wageni kwenye toleo jipya la jukwaa la wingu. Haitoshi, kwa sababu alama hiyo inahusu cheti cha mlango wa mbele peke yake, yaani tovuti uliyoifungua, ilhali hifadhidata na seva za ndani zinazowasiliana zenyewe kwa zenyewe huweza kuwa na vyeti vyao, na hivyo ndivyo vinavyosahaulika.

Orodhesha kwanza kila anwani inayopokea mawasiliano yaliyosimbwa kwa TLS, iwe ni ya tovuti (HTTPS) au ya hifadhidata, kisha uijaribu kwa amri ya openssl s_client (openssl ni programu ya kukagua vyeti) ukitaja jina la kikoa kwa -servername, la sivyo seva yenye tovuti nyingi inaweza kukuonyesha cheti kingine kabisa. Matokeo yapitishe kwenye openssl x509 -checkend 2592000, nayo itakuambia kama cheti kitaisha muda ndani ya siku 30. Usiviache vyeti vya mzizi, yaani vile vya juu ambavyo mashine huviamini ili kuviamini vingine: tarehe 30 Septemba 2021, cheti cha mzizi cha DST Root CA X3 kilipoisha muda, mashine zenye programu kuukuu zilikataa tovuti ambazo vyeti vyake vilikuwa bado hai.

Kazi hii ifanyeni Mei, wageni wanapopungua, wala si Desemba. Na ikiwa mnatumia vyeti vya bure vya Let's Encrypt, hakikisheni kwamba ratiba ya kuvihuisha inahamishwa pamoja na seva, maana vyeti vikinakiliwa bila ratiba hiyo vitafanya kazi vizuri mpaka muda wake uishe.