Ningempeleka mjomba akamwone pweza anayetema moto

Swali la wiki hii: "Ukipewa nauli ya mtu mmoja umpeleke kwenye tamasha moja la ajabu popote duniani, ungempeleka nani, na aende kuona nini?"

Mimi wala sihitaji kulala nalo. Ningemleta mjomba wangu, fundi wa kuchomelea mageti pale Gerezani, Dar es Salaam, aje huku California ninakoishi. Ningempeleka Maker Faire, maonyesho ya watu wanaounda mashine kwenye magereji ya nyumba zao, nyingi zikiwa hazina kazi yoyote ya maana, na baadhi yake zikiwaka moto kwa makusudi.

Najua mjomba akifika tu atauliza, "Hii inafanya kazi gani?" Jibu la kweli ni kwamba haifanyi kazi. Inatembea, inapepesa macho, inatema moto, basi. Atacheka. Halafu nina hakika atainama kuchungulia uvunguni, na hapo ndipo nauli itakapoanza kulipa.

Historia yake kwa kifupi. Mwaka 2005 lilianzishwa jarida linaloitwa Make, la watu wanaopenda kujiundia vitu, na Aprili 2006 waliolianzisha wakaandaa maonyesho ya kwanza mjini San Mateo, kusini ya San Francisco. Yalikua hadi kuvuta watu zaidi ya laki moja kwa wikendi moja. Mwaka 2019 kampuni iliyoyaendesha ikaishiwa fedha na kufunga. Mwaka 2023 yakarudi, safari hii Mare Island, Vallejo, kwenye kiwanda cha zamani cha meli za kivita kilichofungwa mwaka 1996. Kwa maoni yangu kuhama huko kumeyafaa. San Mateo palikuwa viwanja vya maonyesho kama viwanja vingine, ila Mare Island kuna mabanda marefu ya matofali na winchi za bandarini, na mtu aliyeshinda maisha yake kwenye chuma atajiona amefika kwa wenzake.

Si kila meza inafaa kusimama. Printa zinazochapa vinyago vya plastiki zimejaa mno, na ukishaona moja umeziona zote. Mabanda ya makampuni pia pita tu, hao wanafanya biashara kama popote. Chakula ni bei mbaya, kula nyumbani kabla ya kutoka.

Anayestahili kusubiriwa ni pweza. Wa kwanza aliitwa El Pulpo Mecanico, kazi ya msanii Duane Flatmo wa Humboldt, kaskazini mwa jimbo hili, aliyemtoa hadharani kwa mara ya kwanza mwaka 2011; siku hizi nafasi yake ameichukua mrithi wake, El Pulpo Magnifico. Ni dude refu kupita nyumba, limejengwa juu ya gari kwa mapipa, mabati na vyuma kutoka kwa wauza chakavu. Mikono minane inapanda na kushuka, macho yanachomoza na kurudi ndani, na kila ncha ya mkono inatoa moto. Wageni wengi hudhani ndani yake kuna kompyuta. Mwendo wake wote unatoka kwenye mtambo unaozunguka wenye vinundu, na kila kinundu kikifika zamu yake kinasukuma chuma, chuma kinavuta mkono. Fundi yeyote aliyewahi kufungua injini ya gari ataitambua hiyo kuwa ni kamshafti, ila imekuzwa na kupewa kazi ya upuuzi.

Na moto wenyewe? Hapa naomba nafasi kidogo, kwa sababu watu wengi hupiga picha na kuondoka wakati utamu uko kwenye mabomba. Gesi ya propani inatoka kwenye mtungi, inapita kwenye regulata, inaingia kwenye tangi dogo na kukaa humo ikiwa na presha. Juu ya mdomo wa bomba kuna kimoto kidogo kinachowaka muda wote. Ukibonyeza kitufe, vali ya umeme inafunguka kwa mara moja na gesi yote ya lile tangi inatoka kwa funda moja. Ndani ya bomba hakuna hewa ya kuiwasha, kwa hiyo inashika moto ikishatoka nje na kuchanganyika na hewa, ndipo unaona ule mpira wa moto ukijiviringisha kwenda juu na joto linakupiga usoni. Kushikilia kitufe kwa muda mrefu hakuongezi ukubwa wa mpira, tangi likishatapika limetapika. Inabidi uachie, usubiri lijae. Watoto hugundua hilo haraka kuliko baba zao.

Kitu kingine cha kuangalia ni mitungi yenyewe. Propani inachemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, na kila inapogeuka kutoka kimiminika kuwa gesi inanyonya joto la mtungi. Wakiitumia kwa kasi, mtungi unaota barafu nje huku miali inapiga hatua chache kutoka hapo. Mtungi ukipoa hivyo presha inashuka na moto unakuwa mfupi, kwa hiyo utakuta mitungi imesimamishwa kwenye beseni kubwa la maji ili ipate joto. Nilivyoona hivyo mara ya kwanza nilidhani wanaipoza isilipuke!

Ushauri wangu ni kwamba mtu afike mchana, kabla moto haujawashwa. Safari moja nilimkuta mama wa makamo, kavaa ovaroli ya pamba, ana chupa ya kupulizia yenye maji ya sabuni. Anapulizia kila kiungo cha bomba, anainama, anasubiri aone kama kuna povu linalovimba. Kwenye kiungo kimoja likavimba. Akafunga gesi, akakaza kwa spana, akafungua tena, akapulizia tena, na hakuonekana kujali kwamba foleni ya watu ilikuwa inamtazama. Mjomba anaukagua mpira wa asetilini, gesi yake ya kuchomelea, namna hiyo hiyo, kwa povu la sabuni ya kufulia. Hao wawili wangeelewana bila mkalimani.

Usalama hawauchezei. Watu wa zimamoto wa mji hupita kukagua, kuna kamba ya kuwazuia watazamaji, na kuna mtu ambaye kazi yake ni kukaa na kitufe cha kukata gesi asitazame pengine. Nguo za nailoni ni mwiko kwa anayekaribia moto, maana zinayeyukia mwilini.

Akipenda moto zaidi kuna kikundi cha San Francisco kinachoitwa Flaming Lotus Girls, kilichoanza mwaka 2000, wengi wao wanawake, waliojifunza kuchomelea kwa kufundishana. Mwaka 2006 walijenga mifupa ya nyoka yenye urefu wa zaidi ya mita 50, amejikunja kulizunguka yai lake, moto unakimbia kwenye uti wa mgongo na watazamaji wenyewe wanabonyeza vitufe. Na hapa Oakland kuna The Crucible, chuo cha ufundi wa moto kilichoanza mwaka 1999: kuchomelea, kuyeyusha vioo, uhunzi. Hao wamewahi hata kuandaa opera yenye moto jukwaani.

Sasa nije kwenye lawama, kwa sababu nazijua. Dada yangu nilimtumia video ya pweza. Akajibu: "Gesi yote hiyo! Sisi mtungi wa kilo sita tunaupimia chai." Sina cha kumjibu. Ni ufujaji, na kila mwaka nikisimama pale namkumbuka. Hata hivyo kinachonifanya nitake mjomba aje ni kitu kingine.

Pale Gerezani mteja ana maswali mawili, bei gani na lini. Mageti ya mjomba yana maua ya fletibaa, vile vyuma bapa, yaliyokunjwa bila moto, kila ua sawa na jingine, na anayakunja kwa kifaa alichokiunda mwenyewe kwa bearingi kuukuu ya lori na vipande vya nondo. Geti linaondoka, kifaa kinabaki chini ya meza. Hakuna mteja aliyewahi kuomba kukiona. Kwenye maonyesho haya kifaa hicho kingewekwa juu ya meza, na mjomba angesimama pembeni yake siku nzima akiulizwa na watu wazima na watoto: ulianzaje, kwa nini bearingi, kilivunjika wapi mara ya kwanza? Hilo la kuvunjika ndilo swali bora kuliko yote. Mwenye kazi akiulizwa hilo hakuachii uondoke.

Maonyesho ya biashara kwetu yapo, tena makubwa, ila mara nyingi anayesimama bandani ni kijana wa mauzo mwenye vipeperushi. Ukimuuliza chombo kimeundwaje anakupa namba ya ofisi.

Afrika haikubaki nyuma katika hili. Maker Faire Africa ilifanyika Accra mwaka 2009, ikaja Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2010, ikaenda Cairo na baadaye Lagos mwaka 2012. Ile ya Lagos ndiyo iliyotoka kwenye habari dunia nzima, kwa wasichana wa shule walioonyesha jenereta ya kutumia mkojo. Wahandisi wakaja juu kwenye mitandao: jenereta hiyo inachoma gesi ya haidrojeni iliyotenganishwa na mkojo kwa umeme, na kuitenganisha kunakula umeme mwingi kuliko utakaoupata ukiichoma. Ni kweli kabisa. Lakini wengi wa waliolipuka hivyo walikuwa mbali, wameona picha. Waliokuwepo waliweza kuvuta kiti na kuwauliza wenyewe umeme wa kuanzia unatoka wapi, na binti wa miaka kumi na nne akaanza kuhesabu. Ningependa yarudi Afrika Mashariki, yawekwe Gerezani au Kamukunji, kwa mafundi wa vyuma wa Nairobi, badala ya ukumbi wa chuo, vumbi na grinda zikiwepo.

Nikiruhusiwa kubana kidogo kwenye nauli, mhariri, tiketi ya kuja ikatwe mwishoni mwa Mei. Wakati huo huko Humboldt kuna mashindano ya vyombo vinavyoendeshwa kwa pedali, yaliyoanza mwaka 1969 mjini Ferndale. Siku tatu kutoka Arcata hadi Ferndale, barabarani, mchangani na majini, kwa chombo kimoja ulichokiunda mwenyewe. Flatmo wa pweza ameshindana huko miaka mingi. Kuwahonga waamuzi kunaruhusiwa, tena hadharani. Kuna tuzo ya chombo cha kwanza kuharibika, na kuna tuzo ya anayemaliza katikati kabisa ya msafara, ambayo ni ngumu kuilenga kuliko ushindi.

Maker Faire ya Vallejo nayo miaka hii inaangukia karibu na Oktoba. Kwa hiyo tiketi ya kurudi iwe ya mwezi huo, hapo katikati mjomba atalala kwangu. Geti langu la nyuma bawaba zimelegea tangu nihamie, na mafundi wa hapa wameniambia bei ambayo sitaiandika.